Alisema Ametumika: Kisa cha Fundi wa Uvira katika Karakana ya Kigoma

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, saa kumi na nusu jioni, fundi wa injini za dizeli aliyekuja kwetu kutoka Uvira, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliingia ofisini akiwa amelikunja ovaroli lake kwa uangalifu, akaliweka juu ya meza yangu, na juu ya ovaroli akaweka ufunguo wa sanduku la spana. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mama, nimetumika hapa miezi tatu, na feza yangu haijatimia hata mara moja. Munihesabie, nirudi kwetu." Mzee msimamizi wa karakana, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri kunisainisha karatasi nyingine, alilisikia neno moja tu katika maneno hayo, yaani "nimetumika", akajibu kwa hasira kwamba hapa hakuna aliyemtumia mtu, kwamba aliletwa kwa heshima na akapewa kazi kwa barua, na kwamba kama anaona ametumiwa basi mlango uko wazi.

Fundi hakuwa amelalamika kutumiwa. Katika Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kutumika ni kufanya kazi, wala halina kinyongo ndani yake; mtu husema ametumika miaka kumi katika gereji fulani kwa fahari ile ile ambayo sisi tunasema amefanya kazi hapo. Lakini kwa dakika kama kumi hivi, watu wawili wanaoongea Kiswahili tangu utotoni waligombana vikali juu ya jambo ambalo hakuna kati yao aliyelisema, nami niliyekuwa katikati sikulitambua hadi usiku, nikiwa nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishughulikia mafaili ya wafanyakazi wa mwajiri yule, na mkataba wa fundi huyo niliuandaa kwa mkono wangu. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kadiri nilivyokirudia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kosa letu kubwa lilitokana na ukaribu. Mwaka uliotangulia tulimpokea mtaalamu kutoka Asia aliyekuja kufunga mashine kwa wiki sita. Tulimtafutia mkalimani, tukamwandikia saa za kuingia na kutoka, tukamweleza malipo yake mstari kwa mstari, hata namna ya kuomba ruhusa akiugua. Mtu wa Uvira, ambaye tunauona mwanga wa upande wake wa ziwa usiku kukiwa kweupe, tulimpa dakika kumi na kalamu.

Mwajiri wetu alikuwa na vyombo vinavyobeba mizigo ziwani, na karakana yenye mafundi tisa. Tatizo la miaka mingi lilikuwa pampu za dizeli na nozeli. Pampu ikiharibika, ilifungwa ndani ya gunia na kupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, na chombo kikakaa gatini wiki mbili, wakati mwingine tatu, mabaharia wakilipwa bila safari. Mabaharia ndio waliotuletea habari za fundi wa Uvira anayezifungua pampu hizo, anazipima na kuzirudisha mwenyewe. Alikuwa na gereji yake mwenyewe hadi Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Vifaa vyake vikaenda na maji, naye akawa fundi wa kuitwa katika gereji za wengine. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke na watoto watatu.

Upande wa karatasi tulijitahidi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aombe kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kuonyesha kwa nini ujuzi huo haupatikani nchini, na Uhamiaji nao wana kibali chao cha ukaazi. Vyote viwili vilipatikana, akaanza kazi Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 2023. Kongo ilikuwa imeshaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, na mabaharia wengi walishika imani kwamba tangu hapo mtu wa Kongo anaweza kufanya kazi popote upande wa huku bila kibali. Haikuwa hivyo na bado haiko hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inafungua milango kwa fani ambazo kila nchi imeziorodhesha, na haikuondoa vibali. Nalitaja mapema kwa sababu imani hiyo ilikaribia kumponza fundi wetu, kama itakavyoonekana.

Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, kwa Kiingereza, umenakiliwa kutoka mkataba wa mfanyakazi mwingine. Fundi anasoma Kifaransa vizuri na Kiswahili kwa taabu kidogo. Nilimweleza kwa mdomo kwamba mshahara ni Sh 600,000 kwa mwezi, kazi ni siku sita, mkataba ni wa miaka miwili, miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Akatikisa kichwa, akasaini kila ukurasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inasema kwamba mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kifungu hicho nilikuwa nakijua. Nilikuwa nikikifikiria kama kifungu cha watu wasiojua kusoma, haikunijia kwamba kinamhusu mtu ninayepiga naye soga kwa Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye fedha, kwa kuwa ndizo zilizomleta ofisini. Mwisho wa Aprili alipokea pungufu ya Sh 600,000. Sh 60,000 zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara, na juu yake kodi ya mapato. Hati yake ya mshahara ilieleza yote hayo, kwa Kiingereza na kwa vifupisho. Huko alikotoka alizoea kulipwa mkononi, mara nyingi kwa dola, na kiasi kilichotajwa siku ya kupatana ndicho kilichohesabiwa mbele yake. Mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini, akipewa pungufu, anajua maana yake: kuna mtu katikati amekula. Na mtu wa katikati aliyemwona kila siku ni mzee msimamizi. Kwa miezi miwili, basi, fundi alifanya kazi chini ya mtu aliyemdhania mwizi, akamwamkia kwa ubaridi, na mzee akauona ubaridi huo akautafsiri kwa namna yake.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nina babu katika jambo hili. Babu yangu mzaa baba alitoka Buhigwe miaka ya 1950, akaandikishwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya vibarua mikoani, akapelekwa hadi Tanga. Aliambiwa malipo ni kwa mwezi. Alipofika alipewa kipande, kadi yenye nafasi thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ndiyo iliyotiwa alama. Siku ya kuugua haikutiwa, siku ya mvua kubwa haikutiwa, siku ambayo nyapara hakuridhika haikutiwa. Mwezi wake wa kwanza, alikuwa akitusimulia, ulikuwa na siku arobaini na ushei. Hakuna aliyemdanganya kwa neno lolote, maana walisema "mwezi" na yeye akasikia "mwezi". Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa mtoto, na sisi Waha tunajua kwa damu kazi ya ugenini ni nini, lakini siku nilipokuwa mimi ndiye mwenye kadi mezani, haikunijia.

Kwa nini hakuuliza mapema? Swali hilo mhasibu alilirudia mara kadhaa, kana kwamba ukimya wa fundi ulikuwa ushahidi dhidi yake. Jibu lake lilinifundisha zaidi ya sheria zote nilizosoma. Katika Kigoma, watu wa kwao aliowafahamu karibu wote walikuwa wa aina mbili: wachuuzi wanaovuka na vitenge na kurudi, na ndugu waliokuwa na historia ya kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mkimbizi anaishi chini ya sheria nyingine kabisa, ile ya mwaka 1998, na hawezi kutoka kambini bila kibali. Kwa hiyo ushauri alioupata ulikuwa wa watu ambao kwao ofisi yoyote ya serikali ni hatari: fanya kazi, pokea unachopewa, usipeleke uso wako ofisini. Kwao ushauri huo ni wa busara. Kwake yeye, mwenye vibali viwili halali ndani ya bahasha, ulimfunga mdomo bila sababu. Mhasibu alisema kwamba mzawa wa Kasulu anayeanza kazi mjini naye haijui hati ya mshahara, na katika hilo alikuwa sahihi. Lakini ana mjomba, ana mwalimu wake wa zamani, ana jirani anayefanya kazi halmashauri. Mgeni hana pa kuuliza ila kwa wageni wenzake, nao mara nyingi wako chini ya masharti yasiyofanana na yake. Hakujua kwamba Sheria ya Ajira, katika saa za kazi, malipo na likizo, haitofautishi raia na asiye raia, na mimi sikumwambia.

Kilichomvunja moyo kabisa kilikuwa cha mwezi wa Mei. Chombo kilichokuwa kimepakia saruji kwenda Kalemie kiligoma kuwaka, na mteja alikuwa akipiga simu kila saa. Fundi alilala karakana siku mbili mfululizo, akafanya saa 16 nje ya saa za kawaida, na asubuhi ya tatu injini ikanguruma. Alikotoka, tajiri wa kazi huja asubuhi hiyo hiyo na primu, bahasha ya shukrani inayotolewa mkononi mbele ya watu. Hapa sheria inasema saa zinazozidi 45 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45 kupata wa saa. Kwake ilikuwa kama Sh 3,077 kwa saa, na kwa saa 16 za ziada malipo yanakaribia Sh 74,000, kabla ya nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Ni haki nzuri kuliko bahasha, kwa sababu haitegemei moyo wa mtu. Ila kwetu ilitegemea karatasi: fomu ya saa za ziada iliyosainiwa na msimamizi. Fundi hakujua kama kuna fomu. Mzee alijua saa zimefanywa, lakini hakuona ni kazi yake kumfuata mtu na fomu. Nami nilipoandaa mishahara niliona sifuri katika safu yake, nikapita, ilhali daftari la mlinzi getini lilionyesha wazi kwamba hakutoka usiku ule wala uliofuata. Mzee alikosea, na mimi nilikosea zaidi yake, kwa kuwa daftari lile lilikuwa likiletwa mezani kwangu kila Jumatatu.

Mwisho wa Mei, kwa hiyo, alihesabu pesa na kukuta hakuna primu wala saa za ziada, na makato yapo pale pale. Mwisho wa Juni alikuja na ovaroli.

Lipo jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ingawa halikutajwa siku ile. Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi, ili wazawa waje kuishika kazi hiyo. Ni takwa la haki. Nchi haiwezi kuagiza fundi wa pampu milele. Katika mpango wetu tuliandika majina ya vijana wawili wahitimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, tukaandika nini watajifunza, na tukaandika tarehe ambayo watakuwa tayari kuchukua nafasi. Mpango ukawasilishwa pamoja na maombi ya kibali. Vijana wakaambiwa wamfuate fundi kila mahali. Fundi akaambiwa, "Hawa watakusaidia."

Mzee msimamizi ndiye aliyeona kwanza. Fundi aliwafundisha vijana wale kufungua, kuosha kwa dizeli, kupanga vyuma kwenye kitambaa kwa mfuatano wa kuvirudisha, kazi ambayo alikuwa mkali nayo kuliko mtu yeyote niliyemwona. Chuma kikiwekwa nje ya mstari alikirudisha bila neno na kumtazama kijana mpaka aone aibu. Lakini kila ilipofika hatua ya kuweka muda wa pampu, yaani kupatanisha alama ili dizeli isukumwe ndani ya silinda kwa nukta yake hasa, mmoja alitumwa maji na mwingine alitumwa kuazima spana namba kumi na tatu. Wakirudi, kazi imefungwa. Ilipotokea mara ya nne mzee aliandika rasimu ya barua ya onyo: mfanyakazi anaficha ujuzi, kinyume cha masharti ya kibali chake. Rasimu ilikuwa kwenye droo yangu siku ile ya ovaroli, haijasainiwa.

Baadaye fundi alipoulizwa alijibu bila kujitetea. Kwao kijana wa ufundi huletwa na baba yake au mjomba wake, akiwa na chochote mkononi, na maneno husemwa mbele ya watu: huyu ni mwanao, mfundishe. Kuanzia hapo mwalimu anadaiwa. Hawa wawili, aliuliza, ni nani aliwaleta? Nikaona haya, kwa sababu na sisi ndivyo tulivyo. Fundi seremala wa Mwanga au fundi cherehani wa Ujiji hampokei kijana bila mzazi kuja. Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi. Kijana mmoja alikuwa amemwambia, kwa furaha yake tu, kwamba ofisini kuna karatasi inayosema mwaka fulani wao ndio watakuwa mafundi wa pampu. Tulikuwa tumeandika mwisho wa kazi ya mtu, tukaupeleka serikalini, tukauweka kwenye faili, na mwenyewe akausikia kutoka kwa mwanafunzi wake wakiwa wanaosha nozeli.

Kuhusu kazi za jioni nitasema kwa ufupi. Tangu Mei alikuwa akienda Kibirizi kurekebisha injini za wavuvi wa dagaa kwa malipo. Aliamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imempa ruhusa hiyo. Kibali chake kilimfunga kwa mwajiri mmoja na kazi moja, na kama angekutwa, angeweza kupoteza vyote. Alipoonyeshwa maandishi ya kibali aliacha siku hiyo hiyo. Walioumia ni wavuvi.

Jumamosi ile ya tarehe 1 Julai nilimwomba mwajiri asipokee ovaroli mpaka tukae. Nikapendekeza tuite mkalimani. Mzee msimamizi aliuliza, "Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili?" Nilimwelewa, lilikuwa linaonekana kama matusi kwa wote wawili. Tulimpata nahodha mstaafu wa Ujiji, mzee wa Kimanyema ambaye ukoo wake una makaburi pande zote mbili za ziwa, na ambaye alikuwa ameendesha vyombo hadi Uvira na Bujumbura miaka mingi. Alikuja na miwani yake, akakaa kati ya fundi na msimamizi, nami nikausoma mkataba kwa Kiswahili sentensi moja moja kuanzia saa tisa alasiri hadi adhana ya magharibi.

Nilikuwa nimetegemea tukwame kwenye maneno makubwa ya kisheria. Tulikwama kwenye madogo. "Muda wa majaribio" fundi alikuwa ameusikia kama majaribu, yale ya kanisani, akadhani kwa miezi mitatu tutakuwa tukimtegea mitego tuone kama ataanguka, na sehemu ya ukimya wake ilitokana na hilo. "Posho" alitazamia iwe chakula cha kila siku, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kupewa kazini. Sisi tulimaanisha fedha ya safari tu, naye hakuwa amesafiri. "Likizo" hakulijua kama haki, alilijua kama ruhusa ya kuombwa, tulipomwambia ni siku 28 kwa mwaka zenye malipo, alimgeukia nahodha amthibitishie, na nahodha akasema, "Ni konje, mwanangu, na inalipwa." Alicheka kwa mara ya kwanza.

Zamu ya msimamizi ilipofika, alisema kinachomuumiza: kijana huyu tangu afike hajawahi kumpa shikamoo. Anampa mkono. Kila asubuhi fundi alikuwa akipita kwa kila mtu karakana nzima kumpa mkono, na aliyekuwa na grisi kiganjani alishikwa kifundo. Dakika kumi za kazi zinakwenda, na mzee wa miaka sitini na moja anashikwa mkono kama rika. Nahodha alieleza taratibu kwamba upande ule shikamoo haina makazi, na kwamba kumruka mtu asubuhi bila kumpa mkono ndiko kumdharau. Mzee alikuwa ameheshimiwa kila siku kwa miezi mitatu bila kujua. Hakusema kitu. Jumatatu fundi alimwamkia shikamoo, kwa lafudhi yake, na mzee akaitikia marahaba huku ameshanyoosha mkono.

Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda naye NSSF. Ofisa wa kaunta alikuwa mtu mwema, akaligeuza skrini upande wetu. Fundi alilisoma jina lake herufi kwa herufi, kisha akaziona Sh 240,000. Akahesabu kwa vidole: miezi miwili iliyokwisha ingia, sitini na sitini, inakuwa mia na ishirini. "Na hii ingine mia na ishirini ni ya nani?" Ofisa akamjibu kwamba ni yake pia, mwajiri ameongeza kiasi kile kile. Aliomba achapiwe. Alipopewa karatasi aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kitambulisho chake, na njiani kuelekea karakana akaniambia kwamba yeye ana mtu wa kumwomba radhi. Sikumuuliza ni nani. Saa za ziada za Mei zililipwa mwezi Julai, kwa kutumia daftari la mlinzi.

Rasimu ya onyo niliichana kwa ruhusa ya mwajiri. Vijana wale waliambiwa waje na wazazi wao. Baba wa mmoja alitoka Uvinza na kuku wawili. Mwingine, ambaye ni yatima, aliletwa na shangazi yake. Maneno yalisemwa mbele ya karakana nzima. Wiki hiyo niliwaona kwenye injini ya chombo kidogo, fundi amesimama nyuma ya kijana, ameuweka mkono wake juu ya mkono wa kijana kwenye pampu, wanaizungusha kwa kiasi cha ukucha, anamwambia asitazame alama kwanza, asikilize.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilinyooka. Mkewe hana kibali cha kufanya kazi na bado anakaa nyumbani, ingawa ni mshonaji hodari. Mkataba wetu bado ni wa Kiingereza, ila sasa una nakala ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti kwa kila anayeajiriwa, awe wa Kasulu au wa Kalemie, na mhasibu ambaye alikuwa anapinga ndiye anayeisoma sehemu ya makato. Mpango wa kurithisha ujuzi ulibaki na tarehe yake, kwa kuwa sheria inautaka, lakini fundi alikaa nasi mezani tukauandika upya, akaziwahisha hatua mbili kwa sababu aliona vijana wanaweza haraka kuliko tulivyokisia, na hatua moja akaichelewesha mwaka mzima.

Machi 2025, tulipokuwa tukiandaa maombi ya kuongeza muda wa kibali, alikuja kusaini. Kijana mmoja alikuwa ameshahamia Mwanza kwa mshahara mzuri zaidi. Yule wa shangazi alikuwa anaweka muda wa pampu peke yake. Fundi alisoma mpango mpya ukurasa kwa ukurasa, kwa miwani aliyoinunua mwaka huo, akafika kwenye tarehe ya mwisho, akaweka kidole hapo.

"Mama, huyu akishajua yote, mimi natumika wapi?"

Nilimweleza ukweli: kibali kinaweza kuongezwa tena lakini si bila kikomo, kazi nyingine kwa mwajiri mwingine inahitaji maombi mapya, na ofisi yetu haiwezi kumwahidi zaidi ya miaka iliyo kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya mwajiri mwingine, akaiandika kwa Kifaransa pembeni ya nakala yake. Kisha akasaini.